Kinga ya Wezi

Alhamdulillahi kwa kila hali, hata kwa aibu hii. Betri ya gari siku hizi ni adimu kama sukari, na yangu ikawa kila asubuhi imekufa, ilhali gari limelala tu uani kwangu mtaa wa Mabawa. Nikamshuku fundi Mbwana, anayenitengenezea gari, kwamba kaiba betri yangu nzima akaniwekea mbovu. Nikayasema hayo msikitini, na wateja wakaanza kumkimbia.

Ijumaa baada ya sala akanifuata nje ya msikiti kwenye gari, nililoliwasha kwa kusukumwa, watu wakitazama.

"Shikamoo, mzee. Niruhusu nikague, nisafishe jina langu."

"Marahaba. Kagua, lakini Mola anakuona."

Hakufungua hata boneti. Aliinama kwenye kidroo kilicho mbele ya kiti cha abiria, akapenyeza kidole.

"Taa ya humu inawaka, ina moto. Kifuniko hakifungi. Umeweka nini?"

"Kitabu cha dua. Kinga ya wezi."

Akakitoa kwa mikono miwili, akakibusu. Kifuniko kikafunga, taa ikazimika. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikinyonya betri usiku kucha.

"Mwizi hakuwapo, mzee wangu," akasema taratibu.

Alikuwapo, aliyemwibia jina lake, na msikiti mzima ulikuwa ukinitazama mimi.