Kidonge cha Tatu

Enesi alikuwa mzee wa kanisa, na pale Tunduma mpakani hakikupikwa chakula cha msiba mtaani kwao bila yeye kushika mwiko. Kila baada ya miezi miwili alipanda basi kwenda Vwawa, akisema anamjulia hali mdogo wake. Kliniki ya dawa za virusi vya UKIMWI ilikuwepo hata Tunduma, hatua chache kutoka mlangoni pake, lakini karibu na nyumbani kuna macho.

Mkwewe Tusekile, binti wa kutoka kijiji cha Ibaba, aliwauzia Wazambia maharage kwa Kibemba cha kuokoteza. Januari alikohoa mpaka akashindwa kufungua meza yake. Enesi akaingia chumbani, akatoa septrini, vidonge vya kinga alivyopewa kliniki ya Vwawa, akamtia mkononi.

"Meza hivi asubuhi na jioni. Vya kikohozi."

Alifanya kwa upendo, Mungu anajua.

Wiki ya pili mwili wa Tusekile ulitoka malengelenge, mgongo ukachubuka kama wa mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Hospitalini daktari aliuliza amemeza nini. Midomo ya mgonjwa ilikuwa kidonda kitupu, hivyo Enesi akamjibia, asije akaulizwa septrini aliitoa wapi.

"Panadol, na mseto wa malaria. Basi."

Tusekile alipona baada ya majuma mengi. Daktari akamwita tena, akamtoa damu.

"Damu hii inakwenda maabara ya mbali," alisema. "Kwenye damu kuna chembe zenye kinyongo. Maabara inaziweka pamoja na kila dawa uliyomeza. Zikikutana na ile iliyokuchoma, zinaamka. Ila maabara haipigi ramli. Dawa isiyotajwa haipimwi. Kuna nyingine?"

Tusekile alimgeukia mkwewe. "Mama, vile vyeupe vya kikohozi?"

"Ilikuwa panadol ileile."

"Panadol ya kikohozi?" Jairo, mume wa Tusekile, alicheka. "Mama, ungekuwa nesi tungekwisha wote."

Majibu yalirudi. Chembe hazikuamka kwa panadol wala kwa mseto.

"Basi adui bado yuko nje na hatumjui," alisema daktari. "Mara ya kwanza amekuchoma. Akirudi, atakumaliza." Akaandika kwenye kadi: mzio wa dawa isiyojulikana.

Enesi alifunga siku tatu. Alimsihi Bwana amkinge mkwewe na dawa ambayo yeye mwenyewe alilijua jina lake.

Novemba Tusekile alianza kusikia maumivu akikojoa. Enesi akamsindikiza zahanati. Nesi aliisoma kadi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Isiyojulikana ndiyo ipi sasa? Nisikupe chochote?" Akahesabu vidonge, akamimina maji kwenye kikombe. "Viwili meza hapa hapa nikuone. Vingine jioni."

Enesi alivitambua kabla havijafika kiganjani, vikubwa, vyeupe, vyenye mstari katikati. Lakini kwenye benchi alikaa Mama Nesta wa kwaya, ambaye siri kwake ni maji kwenye tenga. Enesi alifungua mdomo.

"Usimeze na tumbo tupu, mwanangu," alisema, akammenyea ndizi.

Kesho yake macho ya Tusekile yalivimba yakafunga. Siku ya tano alifariki. Wanawake waliomwosha walimmwagia maji tu, kwa sababu kila kitambaa kilipogusa, ngozi ilikifuata. Enesi aliwaongoza kuimba, na sauti yake haikukatika hata mara moja. Watu wakasema, huyo ndiye mama wa imani.

Matanga yalipokwisha, Jairo alikaa uani na kadi ile mkononi, akiipitia mstari kwa mstari. Enesi hakuweza tena. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamwambia habari ya vile vidonge vyeupe.

Jairo aliikunja kadi. "Na ulikuwa unaficha nini?"

"Kliniki. Ile ya Vwawa."

"Hiyo tulikuwa tunaijua, mama. Tusekile aliiona kadi yako ya kliniki mfukoni tangu mwaka juzi, siku aliyokufulia gauni la kanisani. Alisema tusikuulize, utasema mwenyewe ukiwa tayari."

Enesi alitaka kumshika mkono. Jairo akauondoa.

"Vile vya jioni," alisema, "nilimpelekea mimi kitandani. Alisema vinamchoma koo, hataki. Nikamlazimisha."