Mama Sita wa Ngamia

Agosti 1996 tulimpoteza mama. Kabla yake tulikuwa tumepoteza vikombe vyote vya udongo pale nyumbani Griftu, kimoja baada ya kingine, kwa sababu mikono yake ilianza kuruka bila kumwomba ruhusa.

Ilianza na chai. Mama aliyetaka kikombe kijae mpaka ukingoni akaanza kuomba nusu. Baadaye hata nusu ikawa inamwagika, na miguu nayo ikajiunga. Majirani walisema ni jini. Mama aliwajibu kwamba kama ni jini basi ni mvivu, maana hajawahi kumsaidia kuchota maji.

Tulimpeleka Garissa kwa lori la mbuzi, mimi na abti, yaani mjomba wangu, kaka yake mama. Daktari alitoka Nairobi, hakujua Kisomali, hivyo nilitafsiri kwa Kiswahili changu cha darasa la saba. Alisema mwili mzima, kuanzia ukucha hadi ubongo, umebeba maagizo yaleyale tuliyorithi kwa wazazi, ila kila sehemu husoma yale yanayoihusu. Kuna agizo moja ambalo ubongo wa mama ulilirithi likiwa na kosa. Umelisoma miaka yote, na madhara yameonekana ukubwani.

Nilimweleza abti hivi: ngamia jike wote wana kiwele, lakini anayekamuliwa ni aliyezaa. Abti alisema daktari huyu anajua mifugo.

Mimi nilikuwa na swali langu moja tu. Nikamuuliza daktari kama na mimi nitatetemeka.

"Inawezekana. Nusu kwa nusu," alisema. "Ndiyo maana nataka kujua nani mwingine kwenu aliugua."

Abti alikaa wima, akataja baba na mababu zake mmoja juu ya mwingine bila kupumua. Daktari aliandika mpaka mkono ukachoka, kisha akauliza ni yupi kati yao aliyetetemeka. Hakuna. Na upande wa akina mama je? Abti akasema wanawake hawamo katika hesabu ya ukoo.

Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini siku ile niliongeza langu ambalo sikuulizwa. Nilimwambia daktari amwulize kuhusu ngamia wake wa maziwa. Akamwuliza. Abti akajisahau, akataja mama wa ngamia yule, na mama wa mama, hadi wa sita: nani alijaza chombo, nani alikuwa na mateke. Nilitafsiri mateke yote. Mama alicheka hadi akakaribia kuanguka kutoka kitini.

"Na mama yako mwenyewe, mzee?" daktari akauliza.

"Ngamia haolewi akahama," abti alisema.

Upande wa akina mama kwenye ile karatasi ulibaki mtupu. Mama aliishi miaka miwili zaidi. Mwishowe alikunywa kwa kikombe cha plastiki chenye kifuniko, akijisifu kwamba hicho ndicho pekee kilichomshinda kuvunja.

Siku ya tatu ya matanga, wageni walipopungua, abti alikuja akaketi karibu nami jikoni. Aliniambia nichukue daftari.

"Andika," alisema. "Mama yangu alitetemeka. Mama yake pia, nilimwona kwa macho yangu."

Niliandika. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia daktari.

"Angegeuka aniangalie mimi."

Nikachukua birika. Vikombe vilikuwa vya kuazima. Nilipoanza kummiminia, aliweka kiganja juu ya kikombe.

"Nusu tu, mwanangu."

Nikamjazia nusu. Changu nilikijaza mpaka ukingoni, nikakiinua kwa mkono mmoja, na yeye akitazama. Kilimwagika kidogo. Chai ilikuwa ya moto.