Mwalimu Ogeto na Sarafu za Sabato

Mwaka wa pili baada ya kustaafu, Mwalimu Ogeto alijikuta amekuwa mtu wa kuzunguka shambani kwake Kebirigo akiitazama michai, ambayo ilikuwa ikikua vizuri tu bila kutazamwa. Ndipo binti yake Phanice, muuguzi huko Doha, akamtumia mashine ya kutafuta metali ardhini: fimbo ndefu, sahani nyeusi mwishoni, na hedifoni kubwa za kuziba masikio. Mwenyewe ndiye aliyeiomba. Alikuwa ameona kwenye simu mzungu mmoja mzee akifukua sarafu za kale malishoni, akajiambia kwamba mtu aliyefundisha sayansi miaka thelathini na miwili hawezi kushindwa na fimbo inayolia.

Kijitabu cha maelezo hakukifungua. Vijitabu, kwa maoni yake, huandikiwa watu ambao hawakufundisha sayansi.

Siku ya kwanza alivaa buti zake za kazi, zile zenye chuma puani, akashuka hadi nyuma ya zizi. Mashine ikalia kwenye hatua ya kwanza. Akachimba, hakupata kitu. Ikalia kwenye hatua ya pili, akachimba tena. Kufikia saa nne alikuwa na mashimo kumi na moja, na alishaanza kuamini kwamba boma lake limekalia madini. Alikuwa akitafuta namna ya kumwambia mkewe taratibu, asije akapata mshtuko, Bathsheba alipotokea na kikombe cha chai.

"Baba Phanice, hiyo kitu inalia hata ukisimama?"

"Inalia kila mahali. Hapa chini kuna kitu kikubwa sana."

"Hebu vua viatu kwanza."

Akavua, akasogea pembeni. Mashine ikanyamaza kimya.

"Inanusa miguu yako," Bathsheba alisema, akamwachia kikombe na kwenda zake. Alipofika jikoni alisikika akicheka peke yake, na kicheko hicho hakikuwa kifupi.

Mwalimu alikisoma kile kijitabu siku hiyohiyo, kuanzia ukurasa wa kwanza. Akajifunza kuipitisha sahani polepole, karibu na ardhi, bila kuinyanyua mwishoni kama mtu anayefyeka nyasi. Akajifunza kukata udongo wa juu kama kifuniko na kuurudisha. Kujua sauti ndiko kulikomtesa. Msumari wa mabati ulikoroma, hilo alilielewa mapema, lakini kizibo cha soda kililia kwa sauti tamu kabisa, kama fedha. Kwa miezi miwili alikuwa akipiga magoti kwa heshima zote mbele ya vizibo vya soda. Jirani yake Nyamusi alimtazama juu ya ua kwa siku kadhaa, kisha akamwuliza kama ameajiriwa na watu wa barabara au wa stima. Karai lake lilijaa vizibo, betri zilizooza, na kijiko ambacho Bathsheba alikitambua mara moja na kukirudisha jikoni.

Mwezi wa tatu, kwenye migomba iliyoota pale palipokuwa jiko la marehemu mama yake, akasikia sauti nyingine. Ilikuwa kali na safi, na haikubadilika hata alipoipitisha sahani kutoka upande wa pili. Alichimba kwa mikono. Ukatoka mkebe wa rangi ya viatu, umeliwa na kutu, na ndani yake sarafu tano za senti kumi, zile za zamani zenye tundu katikati.

Alianza kutunga kichwani ujumbe wa kumtumia Phanice. Kisha akaufuta mkebe kwa kidole gumba, akaona herufi O iliyokwaruzwa kwa kisu kwenye kifuniko. Akakaa chini papo hapo, kwenye unyevu.

Ile O aliikwaruza mwenyewe, akiwa na miaka tisa. Zilikuwa sadaka za Sabato za mama yao, alizokuwa amezifunga kwenye pindo la leso. Ogeto alizifungua, akazitia mkebeni na kuzifukia ili baadaye anunue mandazi, kisha akashindwa kukumbuka alikozifukia. Mama alipouliza, alimnyooshea kidole kaka yake, Mogaka. Mogaka alichapwa, akalala kifudifudi siku mbili. Na yule aliyenyoosha kidole alikua, akawa mwalimu, akafundisha watoto wa watu kusema kweli, na kuwachapa waliodanganya.

Siku tatu hakugusa mashine. Siku ya nne aliuchukua mkebe na ile mashine, akaenda Kenyenya kwa kaka yake.

Mogaka, mzee wa miaka sabini sasa, alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi. Mwalimu alikuwa ameandaa hotuba nzuri. Haikutoka. Aliuweka tu mkebe mbele yake, akasema, "Ni mimi niliyeziiba. Wewe ukachapwa. Nisamehe, kaka."

Mogaka alizimwaga sarafu kiganjani, akazihesabu.

"Ziko tano," alisema.

"Ndiyo."

"Zilikuwa nane."

Mwalimu alikuwa amesahau idadi. Sasa akakumbuka: zilikuwa nane kweli.

"Nilikuona ukifukia," Mogaka akaendelea, bado akiangalia kiganja. "Nikachukua tatu. Nilitaka kurudi kwa hizi zingine, lakini nikachapwa kabla sijarudi, na baada ya hapo nikaogopa kupita hata karibu."

"Mbona hukunitaja kwa mama?"

"Ningekutaja, mkebe ungefukuliwa, zihesabiwe, nichapwe mara ya pili kwa zile tatu. Ya kwanza ilinitosha."

Walitazamana. Mogaka ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi mahindi yakamwagika, na mdogo wake akaona afadhali acheke pia, kwa kuwa toba yake ya miaka hamsini na kitu ilikuwa imeshaharibika.

Walikubaliana kwamba sarafu zile, ingawa hazinunui kitu tena, ziwekwe kwenye kapu la sadaka Jumamosi inayofuata, na mhazini wa kanisa ajijue. Kisha Mogaka akauliza ile fimbo hufanya nini. Mwalimu akamvalisha hedifoni, akamwonyesha namna ya kuishika, na kwa muda wote uliobaki kabla ya chakula wakafukua vizibo nyuma ya zizi la kaka yake, Mogaka akikataa katakata kuelekezwa.