Sakafu ya Roswitha

Kwa miaka mingi Roswitha aliwatembeza wageni katika kasri la kijijini kwao, na kila mgeni alivaa ndara za sufu juu ya viatu ili asichubue sakafu ya mbao. Mumewe, Ottmar, alimsubiri bustanini.

“Mke wangu, mimi nitembee kama bata? Labda mwakani.”

“Basi kaa na bata wenzio!” Wala hakumsihi.

Mwaka huu Ottmar, sasa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliomba mwenyewe kuingia. Lakini magurudumu yalikatazwa, na Roswitha ndiye aliyedai katazo hilo. Akamsukuma hadi dirishani, kwa nje.

“Unaona nini?”

“Najiona mwenyewe tu kwenye kioo.”

Roswitha akamwekea viganja kando ya macho, kuzuia mwanga, ili aone ndani.