Saa Iliyokimbia Wakati wa Maombi

Mafundi wa saa wana kibwagizo chao kimoja, na wateja wote wanakijua: njoo kesho. Kesho ukienda, njoo kesho. Fundi Majira alikiacha kibwagizo hicho siku aliyobatizwa. Alikuwa mtu mzima tayari, mwenye ndevu na watoto, na alipotoka majini akiwa amelowa chapachapa alimwambia mkewe kwamba hatamwambia mtu njoo kesho tena mpaka awe na hakika kwamba kesho saa itakuwa tayari. Mkewe, aliyekuwa amemshikia taulo, akamwambia basi ajiandae kulala njaa.

Hawakulala njaa. Meza yake ilikuwa kwenye baraza la duka la vitambaa, ndogo, ya kutosha vibano vitatu, bisibisi nyembamba, brashi laini, kichupa cha mafuta na ile lenzi nyeusi aliyoibana jichoni mpaka ikamwachia duara la kudumu. Ukimletea saa isiyotengenezeka, alikuangalia kwa jicho moja, akasema, "Hii imekufa, mama. Kazike." Watu walikasirika, wakaenda kwa mafundi wengine, wakazungushwa mwezi mzima, wakarudi kwake na saa mpya. Kwa miaka thelathini na zaidi neno lake lilikuwa hivyo, halina kona.

Aliyeshiriki naye baraza alikuwa fundi viatu, mtu aliyekanyaga kanisani siku za harusi tu, tena kwenye kula. Huyo alimwita "mtakatifu", na alimwita hivyo kutwa nzima. "Mtakatifu, nipe nyundo." "Mtakatifu, sogeza kiti." Alikuwa akimvizia kwa miaka hiyo yote amkamate na kosa moja tu, roho yake itulie.

Sasa, kosa lenyewe lilianzia kwa mkwewe.

Binti yake wa mwisho aliolewa na mchungaji wa kanisa lao. Kijana mwema, mwembamba, mwenye adabu. Nyumbani kwa wakwe hakujua hata kuomba chumvi. Lakini ukimpandisha mimbarini, breki zinakatika. Alihubiri vizuri, tusimwonee, ila kushuka ndiyo ilikuwa kazi. Tangu mwaka uanze alikuwa anafundisha juu ya hema ya kukutania, ubao kwa ubao. Jumapili moja iliishia kwenye vigingi. Nyingine nzima ilikuwa mapazia, na mapazia hayakuisha. Watoto walilala, wazee walilala, mwimbaji mmoja wa sauti ya nne alikoroma kwa sauti ya nne.

Fundi alimwambia binti yake, "Mwambie mwenzako apunguze kidogo."

"Mwambie wewe, baba. Wewe ndiye mzee wa kanisa."

Kumwambia mkwe! Mkwe unamkaribisha kiti, unamwuliza habari za safari, unamwambia ale asione haya. Humwambii mahubiri yake yanaunguza mboga za watu. Fundi akameza maneno yake.

Halafu saa ya mkononi ya mchungaji ikasimama, akaileta barazani kwa mikono miwili. Ilikuwa uchafu tu. Siku ya pili ilikuwa inatembea vizuri kuliko ilipotoka kiwandani. Lakini kabla hajairudisha ilipita Jumapili, na Jumapili hiyo Fundi aligundua jambo.

Mchungaji alikuwa amepiga marufuku simu ibadani, na ya kwake aliizima na kuiacha ofisini ili awe mfano. Bila saa mkononi, alibaki na saa ya ukutani peke yake, ile kubwa ya mbao ambayo Fundi mwenyewe aliitundika ukuta wa nyuma, juu ya kiti cha mzee wa mlangoni. Waumini waliipa mgongo. Mhubiri pekee ndiye aliyeiona, na Jumapili ile aliitii kama mtoto anavyomtii mama yake mbele ya wageni. Ilipokaribia saa tano na nusu, muda wa kufunga ibada, alikatisha sentensi katikati, akafunga.

Na mzee wa mlangoni alikuwa nani? Fundi Majira.

Jumapili iliyofuata, kwenye yale maombi marefu kabla ya mahubiri, watu wote walipofumba macho, Fundi alinyanyuka taratibu, akafungua kioo, akausukuma mshale mrefu mbele dakika kumi na mbili. Kwenye maombi ya kufunga akaurudisha. Watu walitoka jua likiwa bado la kirafiki. Akina mama wakakuta mboga hazijashika chini. Hakuna aliyeuliza kitu. Waliomwona ni watoto, maana watoto hawafumbi macho, na hao walikuwa upande wake.

Mkwewe alipoulizia saa yake, Fundi alijibu, "Kipuri bado hakijafika, mwanangu." Na kweli kulikuwa na kipuri ambacho hakijafika. Kilikuwa cha saa ya mwalimu mmoja, lakini hakijafika. Ile ya mchungaji aliitia kwenye mfuko wa koti, maana lazima ajue saa halisi ili aweze kuichezea ile ya uongo.

Ikaenda hivyo miezi mitatu. Siku moja fundi viatu alimwona akiitoa mfukoni kuikaza.

"Hiyo si ya mkweo? Mbona inatembea?"

Fundi akajifanya anatafuta brashi.

"Aaa!" Fundi viatu akaweka kiatu chini kabisa, kwa heshima. "Kumbe na nyie huwa mnasema njoo kesho."

Hilo lilimchoma. Wiki nzima jirani yake hakumwita mtakatifu hata mara moja, na hapo ndipo Fundi alipotambua kwamba alikuwa amelizoea jina lile, tena analipenda. Akajiahidi ataacha. Ataacha kabisa, baada ya Jumapili moja tu.

Jumapili hiyo moja ilikuwa ya mkewe. Mwanzoni mwa mwaka mama huyo alipasuliwa uvimbe tumboni, akalala hospitali wiki tatu. Dada yake mkubwa aliacha nyumba yake mbali huko akaja kumwuguza. Fundi naye alifunga meza kila mchana, na saa nane kamili alikuwa pale kitandani, kila siku na habari njema kutoka kwa daktari. Katika wiki hizo mgonjwa aliweka nadhiri: akisimama tena kwa miguu yake, atatoa shukrani mbele ya kanisa lote, dada yake akiwepo.

Dada alikuwa anaondoka na basi la saa saba mchana Jumapili ile. Ingekuwa siku hiyo au isiwe tena.

Kwa siku kumi mama alikuwa anaandika shukrani zake. Karatasi aliificha chini ya kopo la sukari, na Fundi alipochungulia alipigwa mwiko mkononi. "Utasikia na wenzako," akaambiwa.

Fundi akapiga hesabu zake. Mkewe anahitaji muda. Mchungaji siku hiyo anaingia kwenye taa ya hema, na ile taa ina matawi saba. Dakika kumi na mbili hazitatosha. Basi maombi yalipoanza, alisukuma mshale dakika ishirini na tano nzima. Alifikiri hivi: mkwe atashtuka, atakatisha mahubiri, shukrani zitapata nafasi ya kutosha na ya kubaki. Alikaa chini ameridhika na nafsi yake, na hata alimshukuru Mungu kidogo.

Mchungaji alifika tawi la nne, akatazama ukuta wa nyuma, akashtuka kweli. Alifunga kitabu. Halafu akafanya jambo ambalo Fundi hakulitia kwenye hesabu.

"Wapendwa, muda umetutupa mkono," alisema. "Palikuwa na shukrani, lakini mwenye shukrani ni mama mkwe wangu, na sitaki isemwe kwamba nawaweka ninyi juani kwa ajili ya watu wa nyumbani kwangu. Mama atatuvumilia. Tusimame tufunge."

Alisema kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana ilikuwa mbaya.

Mkewe, kiti cha tatu kutoka mbele, alikuwa ameshanyanyuka nusu. Akakaa. Fundi alimwona kwa nyuma akiikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara nne, na dada yake akimshika kiwiko. Hakulalamika. Angelalamika, Fundi angeweza kuvumilia. Lakini aliikunja karatasi ya siku kumi, akaitia kwenye mkoba, akasimama kufunga ibada kama watu wengine.

Fundi akapiga hesabu upya. Kuurudisha mshale hawezi, macho ya mkwe yako pale pale. Akinyamaza, basi la saa saba linaondoka na dada, na mkewe anabaki na nadhiri mkobani. Akisema, anavuliwa nguo hadharani: mzee wa kanisa, mtu wa neno moja, mbele ya wateja wake nusu, na mbele ya mkwe.

"Mchungaji," alisema. Hakusikika, akarudia kwa nguvu. "Mchungaji, tusifunge. Saa haijafika."

Kanisa likageuka.

"Baba, ni saa tano na nusu. Saa iko juu yako hapo."

"Saa hiyo inasema uongo. Na aliyeifundisha ni mimi."

Mchungaji aliikamata mimbari kwa mikono miwili.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mapazia."

Upande wa waimbaji mtu alipasuka kwa kicheko, akakigeuza kikohozi. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Sisi tulimwona!" na mama yake akamziba mdomo.

"Lakini saa hii fundi wake ni wewe mwenyewe..." Mchungaji aliutazama mkono wake mtupu. Alikuwa kijana mwenye akili, mawazo yake yalikuwa yanapanda ngazi moja moja, na watu wote waliyaona yakipanda. "Baba. Na ile yangu ya mkononi?"

Fundi alitia mkono mfukoni. Alitembea njia yote ya katikati, na njia ile haijawahi kuwa ndefu hivyo hata siku ya harusi ya binti yake. Akampa mkwewe saa, kwa mikono miwili. Ilikuwa inatembea. Ilionyesha saa tano na dakika nane.

"Ilikuwa tayari siku ya pili," alisema. "Nilikudanganya miezi mitatu kwa sababu niliona haya kukuambia kwa mdomo kwamba mahubiri yako ni marefu. Nilipaswa kukuambia kwa mdomo. Nisamehe, mwanangu. Na mnisamehe wote, ingawa nyie wengine mboga zenu zilinufaika."

Mchungaji aliitazama saa, akamtazama mkwewe, na watu wakangoja. Masikio yalikuwa yamemwiva. Kisha akaivaa mkononi, akakaza mkanda.

"Marefu sana?"

"Sana, mwanangu."

"Amina!" ikasikika kutoka kwenye viti, si mara moja, na mchungaji akacheka bila kutaka. Akashuka mimbarini, akamnyooshea mkono mama mkwe wake. "Mama, una dakika ishirini na mbili. Halali."

Mama alikuja mbele, akaikunjua karatasi mara nne, akavaa miwani. Hakumtazama mumewe hata kidogo. Fundi aliachwa amesimama pale pale mbele, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Mama alimshukuru Mungu. Alimshukuru dada yake, kwa kila usiku na kila beseni, mpaka dada akajifunika uso. Kisha akafika kwa mumewe, akasoma polepole.

"Kila siku saa nane alikuja akaniambia daktari amesema nitapona. Siku ya tisa nilimwuliza daktari mwenyewe. Akaniambia hajawahi kusema hivyo. Akasema, mama, mzee huniuliza, mimi namjibu tusubiri, naye huenda nyuma ya jengo, hukaa huko kama robo saa, ndipo huja kwako. Basi kila nilipomwona anaingia anatabasamu na macho yamevimba, nilijua ametoka kuniombea, na nilijua atanidanganya, na nikamngojea kwa hamu anidanganye. Ndiyo dawa niliyokunywa. Nimeandika hapa kwamba huo ndio uongo pekee alioniambia maisha yetu..."

Akamtazama mumewe juu ya miwani, kwa muda mrefu.

"Naomba kalamu," alisema.

Kanisa likaangua kicheko, waliokuwa wanalia pamoja na waliokuwa wanacheka. Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa shati wa Fundi. Akampelekea. Mkono ule uliokaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele kwa miaka thelathini, mkewe aliushika pamoja na kalamu yenyewe, akaubana, asiachie mara moja.

Akafuta, akaandika, akasoma: "Uongo wa kwanza. Wa pili mmeuona wenyewe, na huo tutauzungumza nyumbani."

Kisha akaendelea. Hakuwa amefika hata nusu ya karatasi, na nyuma ya karatasi nako kulikuwa kumeandikwa. Alizungumza dakika arobaini na moja. Mchungaji aliinua mkono kutazama saa yake mara tatu, na kila alipoinua, Fundi Majira alimkazia macho mpaka akaushusha.