Mpaka Mashini Ipate Joto

"Ule muzee iko na dawa," Mathilde alimnong'oneza jirani yake Tina, wakisubiri na mahindi yao kwenye mashini ya kusaga. "Anaisemeshaka, njo inaamuka." Umeme ulikuwa umekatika, na mtoto wa Tina mgongoni, aliyekuwa ametoka kuugua, hakukubali kitu isipokuwa uji. Tina akamtazama yule mzee, fundi wa mashini. Baridi ya Juni inaposhika Likasi, mashini ya mazutu, yaani dizeli, huwa nzito kama mtu mwenye usingizi, kwa hiyo kabla ya kuiwasha fundi huvuta kimkono kidogo ubavuni mwa pampu, ili mafuta yawahi kuingia. Sasa alikivuta taratibu, kama anayemfunika mtoto, huku akiimba kwa pua.

Mashini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika. "Umeona?" Mathilde akasema. Lakini ikipata joto kimkono lazima kirudishwe, la sivyo itagonga mpaka iharibike. Fundi akaweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa, akakiweka tena. Ngozi yake, iliyoungua miaka na miaka, ilikuwa ngumu kama kwato. Akamgeukia Tina.

"Mama, vidole yangu haisikie tena moto. Weye unajuaka homa ya mutoto. Weka mukono hapa, uniambie."