Kiwiko Changu na Ugali wa Wageni

Mimi husuka nywele pale stendi ya Kawangware 56. Tangu wateja waache kalikiti, zile nywele za kutiwa dawa zikajiviringa, na kuanza kutaka rasta nyembamba, kiwiko changu cha kulia kinauma hata nikiinua kikombe cha chai. Daktari alisema ni kano, zimechoka kwa kusuka kutwa, niupumzishe mkono.

Jumapili iliyopita mchungaji akauombea mkono huo mbele ya kanisa zima, kisha akauliza, "Unasikiaje sasa?"

Watu wote walinitazama. Niliona haya kusema bado unauma, nikaurusha mkono juu nikasema nimepona kabisa. Makofi yakapigwa.

Mama Nekesa, kiongozi wa akina mama, ndiye aliyefurahi zaidi. "Bwana asifiwe. Basi leo wewe ndiye utasonga ugali wa wageni waliotutembelea kanisani."

Sisi Waluhya ugali wa wageni ni sufuria kubwa, na mwiko wake ni kama kasia. Nilisonga nikitabasamu, machozi yakinitoka, nikisingizia moshi. Unga ulipokaza, mkono uligoma. Mwiko ukachomoka, tonge likatua kwenye kiatu cha mchungaji, aliyekuwa amekuja jikoni kutusalimia.

Akakitazama kiatu, akanitazama nilivyokikumbatia kiwiko.

"Dada Robai," akaniuliza polepole, "kwani tuliombea mkono gani?"